Akishatuliwa Ndoo, Ashike Nini?

Leo tuanze na hesabu, tena hesabu nyepesi unayoweza kuipiga kwa vidole huku ukiendelea na shughuli zako.

Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha huduma ya maji vijijini. Kila mtu apate lita 25 kwa siku. Kituo cha kuchotea kisizidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Na bomba moja lihudumie watu 250. Chukua nyumba ya watu sita. Sita mara ishirini na tano, lita 150. Ndoo yetu ya kawaida ni ya lita 20, kwa hiyo ni ndoo saba na nusu, tuziite nane, maana hakuna anayekwenda bombani kwa nusu safari. Mita 400 kwenda, mita 400 kurudi, mara nane: kilomita 6 na mita 400 kila siku. Katika nusu ya mwendo huo, zaidi ya kilomita 3, kuna kilo 20 kichwani. Na hapo sijazungumzia mradi ulioharibika. Nimezungumzia mradi unaofanya kazi kama ulivyoandikwa, ambao mgeni rasmi alikata utepe, watu wakapiga makofi, na katika taarifa ya wilaya umehesabiwa miongoni mwa mafanikio.

Sasa twende kwenye bomba lenyewe. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250, yaani ndoo zaidi ya 310 kwa siku. Bomba likitoa lita 10 kwa dakika, ndoo moja hujaa kwa dakika 2. Ndoo 310 zinataka dakika 620. Hizo ni saa kumi na dakika ishirini za maji kutoka mfululizo, bila mgao na bila mabishano ya nani katangulia kwenye foleni. Lakini tuseme mhudumu wa kituo amepangiwa kufungua kwa muda wa saa tatu asubuhi na muda kama huo jioni. Zitajazwa ndoo 180. Ndoo nyingine 130 zitakwenda wapi? Zitarudi kwenye dimbwi, kwenye korongo, kwenye kisima kile kile cha zamani ambacho mradi ulikuja kukifuta. Karatasi itasema watu 250 wana maji safi, na karibu nusu ya maji wanayotumia yatakuwa ya dimbwini.

Swali langu la leo linatoka hapo. Zile saa za kufungua bomba alizipanga nani? Na huyo aliyezipanga, aliwahi kusimama kwenye foleni?

Msikilizaji, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa mwaka 2023 kwamba watu bilioni 1.8 duniani wanaishi katika nyumba zisizo na maji ndani ya uwanja wao, na kati ya kila nyumba kumi za aina hiyo, saba zinawategemea wanawake na wasichana kuyachota. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji taarifa kutoka Geneva kulijua hilo. Tunaamka nalo. Ila tumelizoea kiasi kwamba tunaliona kama jambo la huruma: masikini mama zetu, wanateseka, tuwasaidie. Mimi leo sitaki kuzungumza kwa lugha ya huruma. Nataka kuzungumza kwa lugha ya fundi na ya mhasibu, kwa sababu usawa wa kijinsia katika mradi wa maji ni suala la kama pampu itakuwa hai baada ya miaka kumi.

Hoja yangu ni hii. Miradi yetu mingi hufa kwa sababu maumivu yako kwa mmoja na mamlaka yako kwa mwingine. Pampu ikiharibika leo, atakayejua kwanza ni mwanamke aliyeamka alfajiri. Atakayeongeza mwendo ni yeye. Binti atakayechelewa shuleni ni wake. Lakini ufunguo wa stoo ya vipuri hana, saini ya kutoa fedha benki hana, na namba ya fundi iko kwenye simu ya mwenyekiti. Naye mwenyekiti, bila ubaya wowote, atakumbuka habari za pampu siku atakapokosa maji ya kuoga. Wahenga walishasema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuchukue mfano: tuteremke pwani ya Kenya, tuingie Kwale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza muongo wa maji, 1981 hadi 1990, na Benki ya Dunia na UNDP zilikuwa zikitafuta pampu ya mkono itakayofaa vijiji vya nchi zetu. Kwale, kusini ya Mombasa, ikawa mojawapo ya maeneo ya majaribio kuanzia 1983. Mwanzo wake ulikuwa wa kihandisi mtupu: chimba kisima, funga pampu, pima inavyochakaa. Wanakijiji walipata maji, lakini pampu ilikuwa ya mradi. Ikiharibika, ilisubiri gari la mradi.

Ndipo likaingizwa shirika la Kenya, KWAHO, ambalo kazi yake ilikuwa kukaa na watu. Maafisa wake, wengi wao wanawake, walizunguka vijijini, wakazungumza na wanawake wa Kidigo, wakauliza mambo ambayo hayakuwa kwenye daftari la mhandisi. Kamati zikaundwa, na katika nyingi ya kamati hizo uhazini ulikwenda kwa wanawake. Vikundi vikafungua akaunti benki. Wanawake wakafundishwa kuitunza pampu na kuitengeneza.

Lakini lililo kubwa zaidi ni hili: pampu yenyewe ilibadilika. Kutokana na majaribio ya Kwale na ya Malawi ilipatikana pampu iitwayo Afridev, ambayo leo imetapakaa katika nchi nyingi za Afrika. Ilisanifiwa kwa masharti ya kijiji. Kijiji kiweze kuifungua chenyewe, bila winchi na bila lori. Spana moja tu itoshe kwa kazi karibu zote. Vipuri vya ndani viwe vyepesi, vya plastiki, vinavyoweza kutengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki na kununuliwa dukani. Mtu wa kijijini aweze kuvuta fimbo za pampu kutoka kisimani kwa mikono yake, abadilishe mpira uliochakaa, arudishe, maji yatoke siku hiyo hiyo.

Ona basi mpangilio wa mambo. Kama fundi anayefikiriwa ni kijana mwenye nguvu anayekuja na gari kutoka wilayani, utatengeneza pampu nzito yenye boliti za kila ukubwa, na hutaona tatizo. Ukianza na mama wa kijijini kama fundi, chuma chenyewe kitachukua umbo jingine. Na pampu anayoimudu mama huyo inamfaa kila mtu, wanaume wakiwamo. Usawa hapo umeingia kwenye mchoro wa mhandisi, haukubandikwa mwishoni kama sura ya saba ya ripoti.

Miaka ilipopita, udhaifu mwingine ukajitokeza. Kujitolea kuna mwisho wake. Kamati huchoka, wahazini huhama au huzeeka, fedha za vipuri huisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Kenya walifunga vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu huko Kyuso, kaunti ya Kitui, ambavyo hutuma ujumbe kwa mtandao wa simu kila pampu inapotumika, na inapokoma. Wakaweka na mafundi wa kulipwa. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya hapo ikawa chini ya siku 3. Siku 24 zimeokolewa, na bila shaka wahandisi walifurahi. Lakini piga ile hesabu yetu: ndoo nane kwa siku, kwa siku 24, kutoka kwenye chanzo cha mbali. Hicho ndicho kipimo ambacho mwanamke angekitumia kama angeulizwa mradi unafaa au haufai. Asingeuliza visima vingapi vimechimbwa. Angeuliza: pampu ikiharibika, itakaa siku ngapi?

Na je, kuna ushahidi kwamba mwenye maumivu akipewa mamlaka mambo hubadilika? Upo, na wenye nguvu unatoka India. Mwaka 1993 nchi hiyo ilibadilisha katiba yake, ikaamuru theluthi moja ya viti vya halmashauri za vijiji iwe ya wanawake, na theluthi moja ya nafasi za uenyekiti vilevile. Vijiji vya kuongozwa na wanawake vilipatikana kwa utaratibu uliofanana na kura ya bahati nasibu, kwa hiyo iliwezekana kulinganisha. Wachumi wawili, Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, walilinganisha halmashauri za West Bengal na Rajasthan, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004. Katika majimbo yote mawili, halmashauri zilizoongozwa na wanawake ziliwekeza zaidi katika maji ya kunywa. Kuhusu barabara, majimbo yalitofautiana: West Bengal, ambako wanawake walikuwa wakipata vibarua vya ujenzi wa barabara, viongozi wanawake walizijali, Rajasthan, ambako barabara ilikuwa kilio cha wanaume wanaosafiri kutafuta kazi, waliziweka nyuma. Maana yake, mtu akipewa kalamu huandika anachokihitaji. Wanaume nao walifanya hivyo hivyo miaka yote, ila hatukuwa tukiuita upendeleo. Tulikuwa tukiuita vipaumbele vya kijiji.

Tanzania tuna kaulimbiu inayopendwa sana majukwaani: kumtua mama ndoo kichwani. Ni kaulimbiu njema, na kazi iliyofanyika kwa jina lake si ndogo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na ikaweka vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vyenye kuendesha miradi kwa utaratibu wa kueleweka. Lakini itazame kaulimbiu hiyo vizuri. Mama ndani yake ametulia tuli, anatuliwa. Kuna mtu mwingine anayemtua. Mimi nauliza: akishatuliwa ndoo, ashike nini? Kama mikono yake itabaki mitupu, ndoo itarudi kichwani siku pampu itakapoharibika.

Utaniambia: mbona kamati zina wanawake? Ni kweli, wamo. Sisi hatuna uhaba wa sheria za viti. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na katiba hiyo hiyo inayataja maji safi kuwa haki. Lakini nenda kijijini ukaangalie nani ana cheo gani. Mwenyekiti mwanamume, katibu mwanamume, fundi mwanamume. Mwanamke ni mjumbe, na siku ya wageni ndiye anayeandaa chai. Hata anapokuwa mhazini, mara nyingine hutunza daftari ambalo maamuzi yake yamefanywa kwingine, kwenye kijiwe cha kahawa au kwenye bao, ambako yeye hakai.

Sasa nigusie hatari mpya, ambayo haisemwi sana. Tumeanza kuziacha kamati za kujitolea na kuajiri watu wa kulipwa: meneja, mhasibu, fundi. Mimi naunga mkono, kwa sababu maji hayawezi kuendeshwa kwa hisani milele. Lakini tazama nini kinaweza kutokea. Miaka yote kazi ilipokuwa bure, tulisema wanawake ndio waaminifu, wao ndio walezi wa maji. Ikipata mshahara, tunatangaza nafasi inayohitaji cheti cha ufundi na leseni ya pikipiki, na anaajiriwa kijana wa kiume. Mama aliyefungua na kufunga ile pampu kwa miaka kumi hana cheti. Hakuna aliyemfukuza, sharti tu limempita. Dawa yake haihitaji muujiza: mafunzo ya ufundi yatolewe kijijini, ujuzi aliokwisha kuupata upimwe na kutambuliwa, na cheti atoke nacho.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Kazi ya maji isipokuwa na malipo, huwa ya mwanamke. Ikileta fedha, hubadilisha mikono. Tazama mijini: maji yakikatika, wanaojitokeza na mikokoteni yenye madumu ishirini, wanaouza kwa dumu, ni wanaume. Ni maji yale yale na uzito ule ule. Tazama na kwenye mashamba. Katika mifereji ya asili ya Marakwet, nchini Kenya, watafiti walikuta kwamba kimila mambo ya mfereji, ujenzi wake na zamu za maji, ni ya wanaume wa koo. Mwanamke anayelima hupata maji kupitia mume, mtoto wa kiume au ndugu. Katika mifereji ya Kilimanjaro pia, usimamizi kimila ulikuwa wa wanaume. Kwa hiyo mradi wa umwagiliaji ukija na kusema utashirikiana na viongozi wa maji waliopo, unaweza kuonekana unaheshimu mila, kumbe umeshachagua upande.

Kuna na mambo madogo ambayo si madogo. Simu, kwa mfano. Siku hizi bili ya maji inalipwa kwa simu, kwa namba ya malipo, na ujumbe huja kwa aliyesajiliwa. Kama aliyesajiliwa ni baba na simu iko naye mjini, mama hatajua anadaiwa kiasi gani hadi dira ifungwe. Mahali pa kujengea kituo, kwa mfano: pembeni ya kilabu cha pombe ni rahisi kwa bomba kuu, lakini binti wa miaka kumi na mitatu hatatumwa huko jioni. Na katika mitaa ya mabanda ya Nairobi mashirika ya kijamii yamesema waziwazi juu ya rushwa ya ngono: maji yakiadimika, mwenye ufunguo wa bomba hudai malipo yasiyo ya fedha. Yule mwenye ufunguo akiwa hawajibiki kwa yeyote, kila kiu ni nafasi yake. Shuleni nako, choo bila maji kinamtosha mvulana kwa shida. Msichana aliye katika siku zake hakimtoshi kabisa, naye ataamua kubaki nyumbani.

Najua yapo mapingamizi, nami nisiyakimbie. La kwanza: maji hayana jinsia, bomba ni bomba. Maji kweli hayana. Lakini njia ya bomba huchorwa na mtu, kwa kusikiliza watu fulani, katika mkutano ulioitishwa saa fulani. Mkutano wa saa nne asubuhi, mkulima mwanamke yuko shambani au foleni. Ukiuitisha saa hiyo, usije ukaandika kwamba jamii imeshirikishwa.

La pili: wanawake wenyewe hawataki uongozi. Baadhi ni kweli hawataki, na wana haki. Lakini mwongezee mtu anayefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku vikao viwili kwa wiki visivyo na posho, huku mtoto mgongoni na ugali ukimsubiri nyumbani, halafu ushangae akikataa? Ndiyo maana nasema usawa haumaanishi kumwongezea mama mzigo wa uongozi juu ya mzigo wa maji. Lazima mzigo mmoja upungue. Na hapo wanaume tunaguswa moja kwa moja. Baiskeli ipo nyumbani. Punda yupo. Mvulana wa miaka kumi na minne yupo, ana mabega. Hakuna sheria ya Bunge inayotakiwa ili abebe dumu.

Msikilizaji, mkutano mkuu wa kijiji chako, au wa mtaa wako, ukikaribia, nenda na maswali manne. Fedha za mradi wa maji zinatolewa kwa saini za nani, na kuna mwanamke miongoni mwao? Spana na vipuri viko kwa nani, na anapatikana saa ngapi? Saa za kufungua bomba zilipangwa na nani, na foleni huisha kabla halijafungwa? Na mara ya mwisho lilipoharibika, lilikaa siku ngapi? Usikubali kujibiwa kwamba jinsia imezingatiwa. Omba jina, omba saa, omba idadi ya siku, na uombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili mkutano ujao yasomwe mbele ya wote.